Mabomba Kwanza, Kabro Baadaye

Nairobi imeanza kuujenga upya ukingo wa mto wake kwa mabilioni ya pesa. Miji ya ukanda wa chai nayo ina mito ipitayo mlangoni. Je, Kericho na Bomet zinahitaji njia za matembezi kando ya maji, na nani atakayepita humo?

Mvua ya alasiri ikipiga Bomet, Mto Nyangores hubadilika rangi kabla matone hayajakatika. Maji yanayopita chini ya daraja, ambayo asubuhi yalikuwa yakionyesha mawe, huwa mekundu kama matofali. Hubeba matawi, chupa za plastiki na povu.

Upande mmoja vijana wa bodaboda wanamalizia kuosha pikipiki kwa sabuni ya unga. Upande wa pili punda wenye mitungi ya lita ishirini wanangoja mwenye nao awaelekeze kilimani. Anayetaka kuutazama mto akiwa ametulia hana pa kukaa. Hakuna benchi, hakuna kivuli, hakuna kijia kisichoteleza.

Miji yetu mingi imeipa mito mgongo. Maduka hufungua milango upande wa barabara, na nyuma yake ndiko kuliko na vyoo, majaa ya taka na mabomba yanayochuruzika. Huko Kericho, mji uliozungukwa na mandhari ambayo wageni huvuka bahari kuja kuipiga picha, mtu hawezi kumwambia mgeni wake kwa urahisi: twende tukatembee mtoni.

Ndiyo maana wazo la njia ya matembezi kando ya maji linavutia. Miji mingi duniani imejenga moja: sakafu safi, taa, mikahawa, madaraja madogo, maji yaliyotulia. Lakini si kila mji uliojenga njia hiyo una mto wa kweli pembeni yake, na hapo ndipo ukanda wa chai unapaswa kufikiri vizuri kabla ya kumwita mkandarasi.

Jiji limeshaanza

Machi 2025, Rais William Ruto alizindua mpango wa kuufufua Mto Nairobi, katika kipande cha takriban kilomita 27, kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh50 bilioni. Mpango huo unaunganisha bomba kuu la majitaka, nyumba, masoko na njia za watembea kwa miguu na baiskeli. Maelfu ya vijana waliajiriwa kuzoa taka na kuchimbua matope. Tume ya Mito ya Nairobi ilikuwa imeundwa mwishoni mwa 2022.

Hii si mara ya kwanza. Mpango wa kuokoa mito ya jiji ulianzishwa mwaka 1999 kwa kushirikiana na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliingia mtoni kwa ukali wake unaokumbukwa. Gereji ziliondolewa, taka zikazolewa, miti ikapandwa katika kipande kilicho karibu na mzunguko wa Globe. Leo bustani hiyo ina jina lake.

Bustani ilipendeza. Maji yaliyopita kando yake hayakupona, kwa sababu uchafu ulikuwa ukiingia mtoni kilomita kadhaa juu yake. Mtu aliketi kwenye nyasi safi akavuta harufu ya majitaka ya mtaa mwingine. Hilo ndilo somo la Nairobi ambalo mji wowote wa Kenya unaweza kulipata bila kulipa senti.

*“Bustani ilipendeza. Maji yaliyopita kando yake hayakupona.”*

Kisha ikaja masika ya 2024. Mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini, na serikali ikaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi wahame. Matingatinga yalifika Mathare na Mukuru huku watu wakiwa bado wanatafuta wapendwa wao. Tangu hapo, neno lolote kuhusu kupendezesha ukingo wa mto hubeba hofu kwa mwenye nyumba ya mabati. Husikia bustani, akaelewa kuhamishwa.

Maji ya malango, maji ya pampu

Njia ya matembezi inayotajwa sana duniani iko San Antonio, Texas. Ilizaliwa na msiba. Septemba 1921 mafuriko yaliua watu wapatao 50 katika mji huo. Wahandisi walijenga bwawa juu ya mji, wakapendekeza kwamba kona ya mto inayozunguka katikati ya maduka ifunikwe, igeuzwe mtaro wa chini kwa chini. Chama cha uhifadhi kilichoanzishwa na kina mama mwaka 1924 kilikataa kuona mto unazikwa.

Msanifu kijana, Robert Hugman, alileta mchoro wake mwaka 1929. Ujenzi ulifanyika kati ya 1939 na 1941 kwa fedha ambazo serikali ya Marekani ilitenga kuwapa kazi watu walioumizwa na mdororo wa uchumi. Leo watalii hula chakula cha jioni hatua moja kutoka kwenye maji bila hofu, kwa sababu kuna malango: mto ukifura, kona ile hufungwa, na maji mengi hupitishwa kwenye mfereji mwingine.

Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ilikwenda mbali zaidi. Kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa kwa barabara, na juu yake ikajengwa barabara nyingine ya kuinuliwa. Kati ya 2003 na 2005 vyote viliondolewa, na mji ukapata kilomita 5.8 za maji meupe yanayopita kati ya maghorofa. Hewa ya pembeni ikapoa, watu wakamiminika. Wachuuzi waliokuwa wamepanga biashara zao hapo walihamishwa. Na maji yenyewe, takriban tani 120,000 kwa siku, husukumwa na pampu kutoka Mto Han na maji ya ardhini ya stesheni za reli ya chini ya ardhi.

Nawaheshimu waliofanya kazi hizo. Waliurudisha mto kwenye mji uliokuwa umeunyima pumzi. Lakini Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mito yake hutoka kwenye msitu wa Mau ikishuka yenyewe, mchana na usiku, bila umeme wa mtu. Kuweka hapa mto wa pampu na sakafu ya zege ni kununua kwa bei ghali kile ambacho mvua inakileta bure.

Bwawa nyuma ya lango

Ukanda wa chai umewahi kutengeneza mandhari yake ya maji. Nje kidogo ya mji wa Kericho, kwenye barabara ya Nakuru, ipo Chagaik: bwawa la kuchimbwa, lenye mayungiyungi juu ya maji, likizungukwa na miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Ilianzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na mpanda chai Tom Grumbley. Mbega hurukaruka juu ya vichwa vya wageni. Ni mahali pazuri kweli.

Ila pako katikati ya mashamba ya kampuni. Brooke Bond, iliyoingia Kericho miaka ya 1920, ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Biashara hiyo ya chai iliuzwa tena mwaka 2022, na mashamba ya Kericho yakaangukia mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2024, mwaka mmoja baada ya kampuni hiyohiyo kununua mashamba ya James Finlay. Mmiliki hubadilika London, Amsterdam au Colombo, na mkazi wa Kericho husoma habari hizo gazetini.

Chini ya historia hiyo kuna nyingine inayouma zaidi. Ardhi ya majani mabichi tunayoisifu ilitwaliwa kutoka kwa jamii ya Wakipsigis. Ukoo wao wa Talai ulihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wajukuu wao wamepeleka malalamiko yao hadi Ulaya na bado wanasubiri. Katika nchi ya aina hii, ukingo bora wa mto mara nyingi uko ndani ya shamba la mtu, na ukitaka kuufikia unapita kwa askari wa getini.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niliunge mkono wazo la njia ya mtoni mjini, na ndiyo inayonifanya niogope ikijengwa vibaya. Njia isiyo na geti, isiyo na tiketi, ambayo mchuma chai anaweza kuipita Jumapili pamoja na watoto wake bila kuulizwa anakwenda wapi, ni kitu kipya kabisa katika ukanda huu.

*“Ukingo bora wa mto mara nyingi uko ndani ya shamba la mtu.”*

Wanaotaka, wanaoshuku

Hoja za wanaotaka zina uzito. Magari ya watalii hupita Bomet yakienda na kutoka Maasai Mara bila kusimama, isipokuwa kwa mafuta. Kericho hupitwa na wasafiri wa Kisumu wanaopunguza mwendo kidogo wapige picha ya chai kupitia dirishani. Msimu wa bonasi ya chai pesa huingia miji hii kwa wingi, na vijana hawana mahali pa kuzitumia zaidi ya baa na vibanda vya mechi. Maharusi huenda kupiga picha kwenye mashamba ya chai kwa sababu mjini hakuna kona ya kuwapendeza. Mahali pa matembezi pangewapa kazi wapiga picha, wachoma mahindi, wauza chai ya rangi na waongozaji wageni.

Manispaa nazo zimeonja. Tangu 2018 ruzuku za maendeleo ya miji zinazofadhiliwa na Benki ya Dunia zimepitia kaunti nyingi, na wakazi wameona kabro (matofali ya kutandaza njia), taa za barabarani na mitaro ikijengwa. Kabro hupigwa picha vizuri na huzinduliwa kwa utepe. Bomba la majitaka lililozikwa mita mbili ardhini halina picha, na hapo ndipo bajeti zetu hupotea njia.

Wanaoshuku nao wana sababu. Mwenye shamba la sukuma wiki na nyasi za napier ukingoni anajua kwamba kipimo kikija, yeye ndiye wa kwanza kuvunjiwa uzio, huku mwenye ghorofa akiwa na wakili. Anayeosha magari anajua ataitwa mchafuzi, ingawa majitaka ya jengo la orofa nne yanaingia mtoni usiku bila mtu kuitwa. Anayechota maji kwa punda anajua punda hatakiwi kwenye sakafu ya watalii.

Wanaosimamia maji wana wasiwasi mwingine. Ukuta wa zege huyaharakisha maji. Mto ulioviringwa kwa mawe na saruji mjini hufika kwa jirani wa chini ukiwa na nguvu zaidi, ukamega shamba lake. Njia ya matembezi ya mji mmoja inaweza kuwa bonde la mmomonyoko la kijiji kinachofuata.

Mto una wenyewe huko chini

Nyangores haimalizikii Bomet. Inateremka hadi inapokutana na mto Amala, na hapo Mto Mara huzaliwa. Mara hupita katika hifadhi ambayo Kenya huitangaza kwa dunia nzima, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha humwagika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, baada ya safari ya kilomita 395. Nyumbu wanaopigwa picha wakivuka Mara hukanyaga maji yaliyopita chini ya daraja la Bomet. Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15 kwa sababu hiyo.

Kabla hayajafika mjini, maji hayo yanapita Tenwek, ambako hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937 ilianza kuyatumia maporomoko ya Nyangores kujizalishia umeme miaka ya 1980. Upande wa Kericho, mito mingi huishia Mto Sondu, ambako kuna kituo cha umeme cha megawati 60.

Na juu kabisa kuna msitu. Ripoti ya jopo kazi la serikali ya mwaka 2009 ilisema Mau ilikuwa imepoteza karibu robo ya eneo lake la msitu. Mwaka huohuo Michuki aliagiza mikalitusi ing'olewe kando ya mito kwa kuwa inakunywa maji kupita kiasi. Agizo lilitekelezwa hapa na pale. Bado unaikuta mingi ukingoni, kwa sababu inakua haraka na kuni zake zina soko la uhakika viwandani, ambako chai hukaushwa kwa moto.

Utafiti uliofanywa Mau Kusini Magharibi katika muongo uliopita ulilinganisha vijito vinavyotoka msituni, kwenye mashamba makubwa ya chai na kwenye mashamba ya wakulima wadogo. Vijito vya wakulima wadogo ndivyo vilivyobeba udongo mwingi zaidi, na vya mashamba makubwa vilikuwa na naitreti nyingi zaidi, inayotokana na mbolea. Kwa hiyo ule wekundu wa maji chini ya daraja hautaondolewa na chochote kitakachojengwa darajani. Una asili yake shambani, kilomita nyingi juu.

Rula ya mtoni

Katika utafiti huohuo kuna jambo dogo ambalo ningependa kila diwani alione. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Kenya walisimamisha vipimo vya kina cha maji katika vituo 13 kwenye bonde la Sondu.

Kifaa chenyewe ni ubao mrefu uliosimama majini, wenye mistari na tarakimu za sentimita. Pembeni kuna bango linaloeleza jinsi ya kusoma. Mpita njia anaangalia maji yamefika tarakimu gani, anatoa simu yake, hata ya kubonyeza, anaandika namba ya kituo na kipimo, anatuma ujumbe mfupi. Anajibiwa kwamba ujumbe umefika. Hakuna anayelipwa mshahara.

Mwaka wa kwanza watu zaidi ya 120 walituma vipimo zaidi ya elfu moja. Walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakipita mtoni kwa shughuli zao. Vipimo vyao vilitosha kuonyesha mto ulivyopanda na kushuka kwa majira.

Hiyo ndiyo njia ya matembezi ninayoiona inafaa hapa: ambamo mtu anatembea na kuujua mto wake. Kijia cha murram kilichoinuliwa kidogo na kushindiliwa vizuri, mianzi na miti ya asili badala ya kuta, benchi za mbao, rula ya maji kila penye daraja. Mafuriko yakija, kijia kizame siku mbili na kiibuke bila mtu kupata hasara ya mamilioni. Waosha magari wapewe sehemu yao mbali na ukingo, yenye bomba na shimo la kuchujia mafuta, si kufukuzwa. Punda wapate mahali pa kunywea.

Kericho ianze na Dionosoyiet, kijito na ardhi oevu vilivyo ndani ya mji wenyewe. Ni kidogo, kinaweza kutembewa, na athari ya majitaka yakizibwa itaonekana haraka. Ardhi oevu ni mfumo wa kuchuja maji uliojengwa na maumbile. Mafunjo na matete hunasa udongo na kunyonya mbolea iliyozidi. Kuijaza kifusi ili kupata uwanja wa kabro kutakuwa hasara isiyorudishika.

*“Kuijaza kifusi ili kupata uwanja wa kabro kutakuwa hasara isiyorudishika.”*

Mita sita au thelathini?

Swali gumu kuliko yote ni la mpaka. Katiba, kifungu cha 62, inahesabu mito kuwa ardhi ya umma. Ukingo nao je? Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitaja si chini ya mita 6 na si zaidi ya 30, kulingana na upana wa mto. Sheria za ardhi, za maji, za mazingira na za upimaji hazijawahi kukubaliana kikamilifu juu ya kipimo kimoja wala mahali pa kuanzia kupima. Katika mwanya huo watu wamepata hatimiliki zinazofika majini.

Nairobi ilionyesha matokeo yake Agosti 2018, jengo la South End Mall na mengine yaliyokuwa na vibali yalipobomolewa kwa kuwa yalikaa juu ya mto. Vibali hivyo vilitolewa na ofisi za serikali. Bomet na Kericho bado zina nafasi ya kupima kabla ya kujengwa zaidi, na kupima ni rahisi kuliko kubomoa. Vigingi vinaweza kuwekwa kiangazi kimoja, penye alama ya mafuriko makubwa, mbele ya macho ya wenye mashamba, kwa maelezo ya nani atalipwa fidia na kwa msingi gani.

Mipango ya maendeleo ya kaunti zote mbili inaishia 2027, na mipya itaandikwa baada ya uchaguzi wa mwaka huo. Sheria inadai wananchi washirikishwe. Kwa kawaida mikutano hiyo hufanyika siku ya kazi, saa nne asubuhi, ukumbini, na wanaofika ni walewale wenye nafasi. Kuhusu mto, kikao kiitwe Jumapili alasiri, chini ya daraja la Bomet na kwenye ukingo wa Dionosoyiet. Mhandisi wa manispaa aje na ramani inayoonyesha kila bomba linaloingia mtoni na jengo linakotoka, na waosha pikipiki wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kusema.